Nyumba ya Akina Chiguay na Maksai Asiyechechemea

Nyumba ya akina Chiguay pale Aucamó, katika kisiwa cha Chiloé kusini mwa Chile, ilianza ikiwa jiko tu. Eleuterio Chiguay, babu wa babake Uberlinda, aliangusha miti kwa shoka, akaichonga mwenyewe, akaiunganisha kwa vigingi vya mbao kwa sababu misumari zama zile ilikuwa kitu cha watu wa mjini. Akawasha moto katikati, akalaza watoto saba kuuzunguka, na mpaka anakufa hakuongeza hata ubao.

Aliyeongeza ni mke wa mwanawe, Transito, mwanamke mfupi mwenye sauti nzito. Mumewe alikuwa akienda kusini kila mwaka kunyoa kondoo wa matajiri na kurudi na nusu ya alichoahidi. Mwaka mmoja hakurudi kabisa. Transito hakulia mbele za watu. Alichinja nguruwe, akaita majirani, na kwa siku nne wakamsimamishia chumba kikubwa mbele ya lile jiko, chenye sakafu ya mbao na dirisha la kutazama bahari. "Akirudi," alisema, "atakuta nyumba haimjui." Ikawa kama alivyosema, ila mtu mwenyewe hakurudi.

Kisha ikaja zamu ya Baudilio, mwana wa Transito. Yeye alifunika kuta kwa vigae vya mbao toka chini mpaka juu, akaleta jiko la chuma kutoka mji wa Castro kwa mashua, na akaipaka nyumba rangi ya njano mara moja tu, maana mvua ya Chiloé iliila yote katika misimu mitatu. Humo akazaliwa Heriberto, na baada yake Uberlinda.

Heriberto alipelekwa shule. Uberlinda alipofika umri wa kwenda, babake alisema, "Msichana atasomea nini? Kuhesabu mayai?" Watu waliokuwepo wakacheka, na Uberlinda naye akacheka, kwa kuwa alikuwa na miaka saba na alidhani ni utani. Akabaki na kondoo. Baadaye akabaki na mama. Mama alianguka siku ya kuvuna tufaha, upande wake wa kulia ukafa, akalazwa jikoni karibu na moto, na kwa miaka kumi na mmoja Uberlinda ndiye aliyemgeuza asubuhi na jioni. Walikuja wanaume wawili kumposa katika miaka hiyo. Wote wawili waliingia jikoni, wakamtazama mgonjwa, wakanywa pombe ya tufaha, wakasifu pombe, wakaenda zao.

Mama alikufa. Miaka kumi na mmoja baadaye akafa Baudilio. Heriberto akaja kutoka Punta Arenas, mji wa mbali kusini alikohamia, na koti zuri na karatasi.

"Dada, hii ni karatasi ya serikali tu," alimwambia. "Wasije wakakusumbua ukiwa peke yako. Weka kidole hapa."

Uberlinda akaweka kidole. Heriberto alitoa leso yake mwenyewe akamfuta wino kwenye dole gumba, polepole, kama anavyofutwa mtoto. Hicho ndicho alichokikumbuka baadaye kuliko karatasi yenyewe: ule upole.

Miaka mitatu ikapita, akaja mtu wa Santiago na kamba na vigingi vya kupimia. Ardhi ilikuwa yake, ameuziwa na Heriberto. Alikuwa na kila muhuri unaotakiwa.

"Nyumba ichukue, mama," alisema yule bwana, na alivua kofia aliposema. "Mimi nahitaji mahali tu, kwa ajili ya mandhari. Ila mwezi wa tatu ukiisha nitaibomoa."

Huko kwao mtu akiambiwa achukue nyumba yake, haambiwi kwa dhihaka. Nyumba za mbao zimevutwa na maksai tangu zamani, zimepandishwa vilima, zimevushwa vijito, na majirani ndio wanaovuta. Kazi hiyo inaitwa minga. Uberlinda alikuwa na kipande cha ardhi, urithi wa mamake, juu kule, karibu na kanisa, ambacho karatasi ya Heriberto haikukitaja. Nyumba ingeweza kwenda huko. Lakini anayetaka minga lazima azunguke mwenyewe, mlango kwa mlango, akaombe kwa mdomo wake. Hatumi mtu. Na anayeombwa hakatai, labda awe na mgonjwa ndani au mnyama mbovu zizini. Atakayekuja atalishwa, na siku yake atarudishiwa kwa siku, jasho kwa jasho.

Uberlinda alikuwa na umri wa miaka hamsini na miwili, na hakuwa na kitu kingine duniani ila nyumba hiyo. Hata hivyo ilimchukua siku tano kutoka nje kwenda kuomba.

Alianza kwa Mzee Nolberto Guineo, ambaye ndiye aliyekuwa akiongoza minga zote za Aucamó.

"Hodi!"

"Pita, na ufunge mlango," alijibu Domitila, mke wa mzee. "Kuni zetu hazipashi kijiji kizima joto."

"Tumesikia mambo yako," alisema Nolberto. "Huyo ndugu yako angekuwa nguruwe, leo hii ningeshamfanya soseji."

"Soseji ya nini?" akadakia Domitila. "Mtu hana nyama, ana ulimi tu."

Uberlinda akasimama katikati ya chumba kama inavyotakiwa. "Mzee Nolberto, nimekuja kukusihi. Nyumba ya marehemu Baudilio inahama. Nakuomba maksai wako na mikono yako, Jumamosi ya mwisho ya mwezi."

"Umepata. Na mimi mwenyewe nitasimama mbele." Akamkaribisha kiti. "Kwa Ermelinda umeshafika?"

"Bado."

"Nenda. Maksai wake ni kama ukuta. Na akisikia umemruka atadhani unamdharau kwa sababu ni mjane."

"Maskini wewe," alisema Domitila, akimmiminia chai. "Mtu hajamkosea hata kuku wa jirani, halafu damu yake mwenyewe imfanyie hivi."

Uberlinda alishika kikombe kwa mikono miwili na asinywe. Ndivyo walivyomwambia kila mlango aliopita siku zile, milango saba yote. Maskini. Mtu mwema. Kila huruma yao ilimchoma, kwa kuwa alijua alilofanya miaka kumi na minne iliyopita, na wao hawakujua.

Lilianza na matanga ya mama. Siku tisa za sala, na kila jioni Uberlinda alitazama nani kaingia. Alikuja hata mzee mmoja kipofu wa ng'ambo, akishikwa mkono kwenye mashua. Ermelinda Remolcoy, jirani wa karibu kuliko wote, mtu aliyekopeshana naye chumvi tangu wasichana, hakukanyaga. Wala mumewe Clodomiro. Siku tisa. Uberlinda hakuuliza sababu. Aliliweka moyoni likaota.

Miezi saba baadaye, wakati wa kiangazi, bahari ilikuwa inakula ukingo chini ya nyumba ya Ermelinda, na Clodomiro akaja kuomba. Alisimama katikati ya jiko, akavua kofia, akasihi vizuri. Uberlinda wakati huo alikuwa na Lucero na Clavel, jozi bora ya maksai katika ukanda wote. Baba alikuwa amekwenda kuuza kondoo, hivyo neno lilikuwa lake.

"Ningewatoa kwa mikono miwili," alisema. "Lakini Lucero anachechemea. Ukwato umeoza."

Clodomiro akasikitika, akamsikitikia ng'ombe kuliko nafsi yake, akaenda. Na Uberlinda, asije mtu akachungulia zizini, alichukua kitambaa, akakipaka lami, akamfunga Lucero mguu mzima usio na hata mkwaruzo.

Siku moja kabla ya minga Clodomiro alirudi. Alikuwa na dawa ndani ya kopo, mafuta ya sili wa baharini yaliyochemshwa na majani. Alipiga magoti kwenye matope, akafungua kile kitambaa, akaupaka ukwato mzima, akaufunga tena vizuri kuliko ulivyokuwa. Uberlinda alisimama kando amemshikilia Lucero pembe. Angeweza kusema hapo. Mdomo ulikuwa wake.

"Mpumzishe wiki mbili," alisema Clodomiro akiinuka. "Atapona tu, ni kijana."

Kesho yake walivuta kwa jozi tano badala ya sita. Katikati ya mteremko nyumba ilisita, ikarudi nyuma hatua mbili, na Clodomiro alikuwa nyuma anaweka kabari. Ilimvunja paja. Mfupa uliunga vibaya, hakwenda tena kunyoa kondoo, alitembea kwa magongo mawili mpaka kifua kikamchukua miaka minane baadaye. Labda hata jozi kumi zisingeishika nyumba ile. Uberlinda alijiambia hivyo mara nyingi, na kila alipojiambia, aliona mtu amepiga magoti kwenye matope.

Na nyumba haikufika. Watu waliogopa kuivuta tena. Waliiwekea magogo chini, palepale iliposimama, na Ermelinda akaishi humo, katikati ya kilima, sakafu imeinama.

Miaka miwili baada ya ajali, Domitila katika kupiga soga tu akamwambia: wiki ile ya matanga, Ermelinda alipoteza mimba ya miezi sita. Clodomiro alimzika mtoto mwenyewe nyuma ya nyumba. Hawakutaka kumwambia mtu, mama wa Uberlinda akiwa maiti bado. Wasije wakaonekana wanashindana kwa msiba.

Tangu siku hiyo Uberlinda alimpelekea Clodomiro maziwa kila Ijumaa, mpaka alipokufa.

Kwa Ermelinda alikwenda mwisho, asubuhi ya Jumatatu. Ermelinda alikuwa mezani anamenya viazi. Meza ile ilikatwa miguu miwili ili isimame sawa, na chini ya jiko kulikuwa na mawe upande mmoja.

"Kaa huku juu," alisema Ermelinda. "Huko chini utateleza mpaka ukutani, na wewe si mwepesi siku hizi."

"Sitakaa. Nimekuja kuku..."

"Usianze hotuba, mwenzangu. Najua umekuja nini, umenizunguka siku tano kama paka. Maksai utawapata. Nitawaongoza mwenyewe. Haya, sasa kaa, kuna mkate wa viazi."

Imekwisha. Milango nane kwa nane. Alichotakiwa kusema ni asante. Uberlinda aliutazama ule mkate uliotoka motoni, akaona hawezi kuumeza.

"Lucero hakuwa anachechemea," alisema.

"Nani?"

"Lucero. Maksai wangu. Mwaka ule."

Kisu kilisimama. "Clodomiro alimpaka dawa."

"Nilisimama nikamtazama akimpaka."

"Alirudi hapa magoti yana matope," alisema Ermelinda polepole. "Akaniambia, maskini mnyama yule, mpole, hakurusha hata teke." Akaweka kisu mezani. "Kwa nini?"

"Hukuja kwenye matanga ya mama."

Ermelinda akacheka, kicheko kifupi kisicho na raha. "Unajua nilikuwa wapi?"

"Sasa najua."

"Tangu lini?"

"Miaka kumi na miwili."

"Clodomiro alikuwa hai."

"Alikuwa hai."

"Ukimletea maziwa. Na yeye akikushukuru, pale pale uliposimama. Akisema, hakuna jirani kama Uberlinda."

Mvua ilikuwa inapiga vigae. Ermelinda akachukua kiazi, akakimenya chote, ganda refu lisilokatika, akakitia ndani ya maji.

"Ungekuja mwaka ule ule, ningekupiga na kuni, tungeisha," alisema. "Sasa nikupige nini? Nimezeeka." Akajifuta mikono. "Neno nimeshalitoa, silirudishi. Maksai wangu watakuja. Lakini hao wengine umewaomba ukiwa mtu aliyeonewa. Rudi ukawaombe tena ukiwa wewe. Mlango kwa mlango. Uwarudishie neno lao, halafu uone wangapi watakuja."

"Nyumba itabaki, Ermelinda."

"Ya kwangu ilibaki."

Uberlinda alifika nyumbani, akakaa jikoni alipokufa mamake. Alikuwa na hasira, na hasira ile ilimtaka aseme kwamba hakuna aliyemzungukia yeye milango kuungama: si baba, si Heriberto. Heriberto yuko Punta Arenas, analala vizuri. Lakini alipomfikiria Heriberto akakumbuka leso, na alipokumbuka leso akakiona kitambaa chenye lami. Ndugu wawili wa nyumba moja. Mmoja alifuta kidole, mwingine alifunga ukwato, na wote walifanya kwa mikono mipole. Akajifunga mtandio, akatoka.

Mlango wa kwanza ulikuwa tena wa Nolberto. Alisema yote akiwa amesimama. Hakusema habari za matanga, asije akaonekana anajitetea. Nolberto aliusukuma ukuni ndani ya moto.

"Mimi ndiye niliyekuwa mbele siku ile," alisema hatimaye. "Mimi ndiye niliyepiga kelele ya kuvuta. Miaka kumi na minne najiambia niliipiga mapema. Clodomiro alipokuwa anapita hapa na magongo yake, nilikuwa natokea mlango wa nyuma."

Hilo Uberlinda hakulijua. Kwa miaka yote alidhani uongo wake umemla yeye peke yake, na watu wa nyumba ile ya mteremkoni.

"Toka, Uberlinda," alisema Domitila. "Sikufukuzi kwa hasira. Toka tu. Nimechoka kukutazama."

Alikwenda kwenye milango yote. Mmoja alimfungia kabla hajamaliza. Mwingine alimsikiliza, akamwambia maksai wake ghafla wameanza kuchechemea, wote wawili, na wanawe wakacheka huko ndani. Uberlinda akasema, "Ni haki yako," akaenda.

Jumamosi alfajiri alichinja kondoo wawili, akakanda mikate ya viazi ya watu arobaini, maana hakujua apike kwa ajili ya wangapi. Jozi nne zikaja. Nolberto alikuwa mbele na fimbo yake, hakumsalimu. Mwisho ikaja jozi ya Ermelinda, na Ermelinda mwenyewe ameishika kamba. Tano.

Madirisha yalishatolewa, ndani kumekingamishwa maboriti, magogo mawili marefu yameshapitishwa chini ya sakafu. Nolberto aliizunguka nyumba mara mbili.

"Tano hazipandishi nyumba hii," alisema kwa watu, hakusema kwa Uberlinda. "Tano najua zinafanya nini. Chumba kikubwa kinaweza kwenda. Jiko libaki."

Jiko ndilo Eleuterio alilolijenga. Ndilo lenyewe, hayo mengine ni nyongeza tu. Watu wote wakamgeukia Uberlinda, na kwa mara ya kwanza siku ile Nolberto akamtazama usoni.

"Mwenye nyumba anasemaje?"

"Kata," alisema Uberlinda.

Msumeno ulikuwa wa watu wawili. Nolberto akashika upande mmoja, akangoja. Hakuna aliyejitokeza, ndipo Uberlinda akaelewa anangojwa yeye. Akashika upande wa pili. Vile vigingi vya zamani vilikuwa vigumu kuliko mfupa, kila kimoja kililia, na ilipofika saa nne jiko la Eleuterio likawa kibanda chenye upande mmoja wazi, kikitazama mvua.

Kisha wakavuta. Nolberto hakumruhusu mtu kusimama nyuma. Kabari ziliwekwa kwa miti mirefu kutoka pembeni. "Hima! Hima, wanaume!" Nyumba ikanung'unika, ikanyanyua pua, ikaanza kupanda juu ya majani mabichi, na maksai wa Ermelinda walikuwa mbele wameinamisha shingo. Palipo na mwinuko mkali ilisita. Ermelinda aliwawekea wanyama wake mkono kichwani, akawaambia neno ambalo Uberlinda hakulisikia, nao wakavuta. Saa tisa nyumba ilikuwa karibu na kanisa, imesimama wima, na shimo kubwa mgongoni lilipokuwa jiko.

Watu walikula. Siku nyingine minga ikiisha kuna gitaa, kuna ulevi, mtu anaangukia kwenye zizi watu wanacheka wiki nzima. Siku hiyo walikula kama watu wa safari, wakafuta midomo, wakasema sasa mvua itazidi.

Ermelinda hakukaa. Aliwafungua maksai nira, akawanywesha. Uberlinda akampelekea sahani, nyama ya paja na mikate mitatu juu yake.

"Sili."

"Ni haki yako, Ermelinda."

"Haki yangu naijua." Alikuwa anakunja kamba, mkunjo baada ya mkunjo. "Nakudai chakula, sikitaki. Lakini siku yangu utairudisha."

"Sema lini."

"Alhamisi. Nachimba viazi. Uje na jembe lako, mimi sina la ziada."

"Nitakuja."

"Na usinipigie soga."

Alhamisi ilinyesha toka asubuhi. Uberlinda alifika akakuta Ermelinda yuko shambani tayari, gunia mabegani, na hakukuwa na salamu. Alishika mstari wake, akachimba mpaka mwisho, viazi vyeusi na vyekundu, akavikusanya bila kuacha hata kidogo ardhini. Alipoinua kichwa Ermelinda alishaanza mstari mwingine, amempa mgongo. Uberlinda akahamia mstari wa pembeni yake, akainama, akaendelea.